Tembea Ujifunze: Ukiona ukuta, uliza nani aliulipa



Mwezi huu ukurasa wetu unatoka Bunia na kuvuka ziwa. Najua wengi wenu mnafika Kampala. Mwingine anaenda kununua vitenge, mwingine vipuri vya pikipiki, mwingine anapeleka mgonjwa hospitali ya Mulago, na wengine wana safari zao ambazo mimi sitauliza. Mnalala siku mbili tatu katika kelele, kisha mnarudi. Nikiwauliza mliona nini, mnajibu: "Tuliona magorofa." Basi leo nataka kuwapeleka kwenye mlima mmoja wa Kampala, mlima wa Makerere, tutembee kwa miguu na kuangalia majengo ya universite. Safari ijayo, mkipata saa mbili za bure, mwende na watoto wenu.

Kwanza niwaambie kwa nini mimi nilipanda kule.

KARATASI INAKULIWA?

Dada yangu ana kijana. Baba ya mtoto alikufa katika vita ya 2003, kijana akiwa bado mgongoni mwa mama. Dada yangu alimsomesha kwa kuuza mandazi na mafuta ya mawese, mpaka akapata diplome ya Leta. Halafu, franga kidogo kwa franga kidogo, akaweka akiba ya kumwingiza katika masomo ya juu. Siku moja kijana akaniambia anataka akiba ile anunue nayo sehemu katika pompi ya maji, ashuke kwenye machimbo.

"Mjomba," akasema, "bale bote tulisoma nabo biko Mongbwalu. Banarudi na pikipiki. Miye niko na karatasi. Karatasi inakuliwa?"

Ndugu msomaji, nilikosa jibu. Maana mimi mwenyewe nilisomeshwa na dhahabu. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa machimbo, na mshahara ule ndio ulinunua daftari langu la kwanza. Siwezi kula katika sahani na kisha kuitukana. Nikamwambia tu: "Baba, mimi naenda Kampala kutazamisha macho. Unisindikize. Tukirudi tutaongea."

Tukashuka Kasenyi, tukavuka Ziwa Albert mpaka Ntoroko, tukapita Fort Portal, tukafika Kampala tumechoka kabisa. Kesho yake daktari akatuambia turudi siku inayofuata. Mchana mzima ulikuwa wazi. Tukapanda kutoka Wandegeya, tukajieleza kwa mlinzi kwenye lango kubwa, tukaingia.

Neno moja la onyo kwa wageni: pale kuna ndege wakubwa, korongo wenye kipara, wanaofanana na wazee wa baraza waliovaa koti. Wanajenga viota juu ya miti ya kampasi. Usisimame chini ya mti wao ukiwa na shati nyeupe. Mimi nilisimama.

JENGO LILILOUNGUA

Ukipanda utaona jengo kubwa lenye nguzo mbele na mnara wa saa katikati. Ndilo jengo kuu. Lilimalizika mwaka 1941, na watu wameliita Mnara wa Pembe za Ndovu. Mbele yake kuna uwanja wa majani unaoitwa Uwanja wa Uhuru, ambapo wanafunzi hupewa diploma zao. Karibu kila mtu aliyesoma pale ana foto mbele ya nguzo zile.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 20 Septemba 2020 jengo hili liliungua. Paa likaanguka, sakafu za mbao zikateketea, na asubuhi watu walikuta kuta nyeusi na madirisha yaliyo wazi kama macho ya kipofu. Wazee waliosoma pale walilia kama watu waliofiwa.

Sisi watu wa Ituri tunajua jengo lililoungua lilivyo. Tumeona shule, vituo vya afya na makanisa yamebaki kuta. Na mara nyingi tunasema: "Basi, imekwisha," tunahamia pengine, majani yanaota ndani. Kule waliamua jambo jingine. Wangeweza kubomoa na kuinua gorofa ya vioo kama zile za mjini. Lakini walijenga upya kwa sura ileile, nguzo zilezile, mnara uleule, na Oktoba 2024 likafunguliwa tena. Miaka minne ya kazi. Tuliposimama mbele yake, mpwa wangu alitafuta alama ya moto, hakuiona.

"Hii iliungua kweli?"

"Iliungua."

Akanyamaza, akalizunguka mpaka nyuma.

WALIANZA 14

Katika kulizunguka nilimweleza mwanzo wa mahali pale. Yeye alifikiri universite huanza na watu wenye tai shingoni. Nikamwambia hapana. Mwaka 1922 mlima ule ulikuwa na shule ndogo ya ufundi, yenye wanafunzi 14, wote wakija asubuhi na kurudi kwao jioni. Walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Ndiyo hayo tu: randa, matofali na spana.

Kijana akasimama. "Kujenga nyumba? Walikuwa banafundisha kujenga nyumba?"

"Ndivyo ilivyoanza."

Kutoka hapo shule ikakua taratibu. Mwaka 1949 ikawa chuo kilichoungana na Universite ya London, na wanafunzi wake wakapata diploma za London wakiwa hapahapa Afrika. Mwaka 1963 ikashikamana na Nairobi na Dar es Salaam kuwa Universite moja ya Afrika Mashariki. Mwaka 1970 ikasimama peke yake. Julius Nyerere alisoma pale kuanzia 1943 mpaka 1945 kujifunza ualimu. Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa nao walipita pale. Marais watatu wa nchi mbili za jirani walitembea katika njia zile, katika chuo kilichoanza na maseremala. Kwa hiyo, vijana, mkiona mwanzo wa jambo ni mdogo, msiudharau.

UDONGO NA DAMU

Sasa tunafika mahali pazito. Kati ya mabweni ya wanafunzi kuna moja ambalo zamani liliitwa Northcote, kwa jina la Mwingereza. Siku hizi linaitwa Nsibirwa. Wanafunzi wengi hulala humo bila kuuliza Nsibirwa ni nani.

Martin Luther Nsibirwa alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, wa ufalme wa Buganda. Miaka ile chuo kilihitaji kupanuka, lakini kando yake ilikuwa ardhi ya watu. Wengi walikataa. Nao walikuwa na sababu: walikuwa wameona jinsi walowezi wazungu walivyochukua mashamba ya watu kule Kenya. Walisema: leo wanaomba mahali pa shule, kesho wataomba nchi nzima. Nsibirwa aliona kwamba bila ardhi watoto hawatakuwa na chuo, akaunga mkono sheria ya kuruhusu ardhi ichukuliwe kwa kazi kama hiyo. Asubuhi ya tarehe 5 Septemba 1945 alikwenda kusali kwenye kanisa kuu la Namirembe. Pale pale kwenye mlango wa kanisa akapigwa risasi, akafa.

Wapendwa, sisi hatuhitaji mwalimu wa kutueleza neno "ardhi". Tunajua lina uzito gani. Katika wilaya zetu watu walichinjana kwa sababu ya malisho na mashamba, na vita iliyoanza 1999 imeacha kaburi karibu katika kila familia. Sisemi kwamba waliomkataa Nsibirwa walikuwa wabaya wote; hofu yao ilikuwa ya kweli. Nasema kwamba udongo ule ulimgharimu mtu uhai wake, na leo juu ya udongo uleule watoto wa waliokataa na watoto wa waliokubali wanakaa dawati moja.

Nilipomaliza, mpwa wangu aliuliza neno ambalo sikulitazamia.

"Na batoto yake?"

Nilielewa anaulizia nini. Na kwa bahati njema nilikuwa na jibu. Binti mmoja wa Nsibirwa, Rhoda Kalema, alikuwa msichana tu baba yake alipouawa. Alisoma, akafanya kazi ya maendeleo ya jamii. Baadaye, mwaka 1972, katika utawala wa Idi Amin, na mume wake pia akauawa. Mwanamke yule hakukaa chini. Aliingia katika Bunge la Uganda, akawa mmoja wa wanawake walioheshimiwa sana katika siasa ya nchi ile, na alifika uzee mkubwa.

Kijana hakusema kitu. Tulitembea kitambo bila neno.

MAMA STUART NA NENO LILILOBADILIKA

Dada zetu na mama zetu, sehemu hii ni yenu. Kwa miaka zaidi ya 20 Makerere ilikuwa ya wavulana tu. Hata neno la chuo, lile linaloandikwa kwenye alama yake, lilisema: "Tuwe wanaume." Mwaka 1945 wasichana 6 wa kwanza wakapokelewa. Sasa fikirini: msichana anakaa darasani chini ya maandishi yanayomwambia awe mwanaume! Neno likabadilishwa, na mpaka leo linasema: "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo."

Bweni kubwa la wasichana linaitwa Mary Stuart. Huyu alikuwa mke wa Askofu Cyril Stuart wa Kanisa Anglikana la Uganda, na alisimama imara kwa ajili ya masomo ya wasichana. Wanafunzi wameliita bweni lile "Boksi". Nawaambia hili kwa sababu katika machimbo yetu bado kuna baba anayesema msichana ni wa kuolewa, na franga za shule ni za kaka yake. Baba huyo aende akahesabu madirisha ya Boksi.

JINA LETU JUU YA MLIMA

Karibu na hapo kuna bweni la wavulana. Mpwa wangu alisoma jina, akalisoma tena.

"Mjomba, huyu ni Lumumba wetu?"

Ni yeye. Lumumba Hall, kwa jina la Patrice Lumumba. Wakaaji wake na wasichana wa Mary Stuart wana urafiki wa zamani, wameunganisha majina yao wakajiita Lumbox. Kijana alicheka, akataka foto. Nikampiga, amesimama wima kama mlinzi.

Lakini nilimkumbusha jambo. Lumumba mwenyewe hakuingia universite. Katika ujana wake mlango ule ulikuwa umefungwa kwa Mkongomani. Alisoma shule za misheni, akafanya kazi ya posta, akajisomea usiku. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961, akiwa na miaka 35. Leo wanafunzi wa nchi nyingine wanalala chini ya jina lake, wakiwa na vitabu ambavyo yeye alivitafuta kwa shida.

Kabla ya kuteremka tulipita mahali pa ibada. Kampasi ile ina kanisa la Waanglikana la Mtakatifu Fransisko, kanisa la Wakatoliki la Mtakatifu Augustino, na msikiti. Vyote mlima mmoja, na watu wanasalimiana.

NA SISI HUKU?

Usiku, hapo tulipolala, kijana aliuliza swali ambalo nawaletea na ninyi: "Na sisi? Dhahabu yetu ilijenga nini?"

Tuhesabu pamoja. Dhahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903, ikaanza kuchimbwa 1905. Universite ya kwanza ya Kongo, Lovanium, ilifunguliwa Léopoldville, yaani Kinshasa, mwaka 1954. Karibu miaka 50 dhahabu ilitoka, na hakuna Mkongomani aliyefunguliwa mlango wa universite katika nchi yake. Ndiyo maana siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa na diploma ya universite hawakufika 30 katika nchi nzima. Lubumbashi nayo ilipata yake, na mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yakaanzisha universite ya Kisangani.

Hapa Bunia pia hatuko mikono mitupu. Universite Shalom, ambayo wengi mnapita mbele yake bila kugeuza shingo, ilianza mwaka 1961 kama shule ya teolojia huko Banjwadi, upande wa Kisangani. Baada ya maasi ya 1964 ikahamishiwa Bunia, na mwaka 2007 ikawa universite. Ni chuo kilichofukuzwa na vita, kikabeba vitabu vyake, kikaanza upya. Ya Makerere ilikuwa moto, yetu ilikuwa bunduki. Kazi ya kuinuka ni ileile.

Sasa nasema hivi, na wenye mashimo wanisamehe. Shimo ukilitoa kitu linapungua, na siku moja linabaki tundu lenye maji. Shule kila anayechota anamwachia mwingine zaidi. Mimi sikatai dhahabu. Nauliza tu: dhahabu uliyoitoa mwaka huu imegeuka kuwa nini? Kama imegeuka ukuta, daftari, au ada ya mtoto, umefanya vema. Kama imegeuka chupa na deni, shimo limekuchimba wewe.

TULIVYORUDI

Mtataka kujua kijana alifanya nini. Tuliporudi Ngezi hakusema kitu kwa majuma mawili. Halafu akaja kwa mama yake, akamwambia ile akiba aiingize katika masomo ya ujenzi, katika taasisi moja ya hapa mjini. Si London, si Kampala. Wakati wa likizo anashuka kwenye machimbo kutafuta nusu ya ada inayobaki. Mama yake analia kila akishuka, na mimi silali vizuri, maana tunajua udongo unavyoanguka. Sikumkataza. Lakini amenipa ahadi kwamba haingii shimo lisilo na miti ya kushikilia, na tarehe ya kurudi darasani haigeuki. Mpaka leo ameishika.

Mwezi uliopita alikuja kunisalimia. Kabla ya kukaa, akatazama ufa ulio juu ya mlango wangu, ule ninaoupaka chokaa kila mwaka. Akachuchumaa, akachimba kidogo kwa kisu pembeni ya msingi.

"Mjomba," akasema, "usiendelee kupaka rangi. Nyumba yako iko juu ya udongo mwepesi. Tutaanza chini."

Basi tunaanza Jumamosi. Yeye ndiye mkubwa wa kazi, mimi nabeba maji.

MASWALI YA KUONGEA NYUMBANI AU KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Tazameni jengo la zamani kuliko yote katika mtaa wenu: shule, kanisa au nyumba ya kampuni. Nani alilijenga, na nani alibeba matofali? Mwulizeni mzee mmoja kabla hajaondoka.

2. Je, katika kijiji chenu kuna jengo lililoungua au kuvunjwa? Mnangojea nani alijenge?

3. Baba na mama: kati ya franga zilizotoka shimoni mwaka huu, ngapi zilifika kwenye ada ya msichana wenu?

4. Vijana: kama ungeanza na wenzako 13 tu, mngejifunza kazi gani?

Mkiisha kuongea, tuandikieni.